Je, udongo mwekundu hula mbolea?

Wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya wamerithi imani kwamba udongo mwekundu "hula" mbolea ya kupandia, kwa hiyo DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi, ni hasara tupu. Imani hii ina chembe ya ukweli. Udongo huo umejaa oksidi za chuma na alumini, ambazo hunasa upesi fosforasi, kirutubisho kikuu cha mbolea hiyo. Kwa kawaida mahindi hupata sehemu ndogo tu ya fosforasi iliyowekwa msimu huo.

Lakini kunaswa si kupotea. Tofauti na nitrojeni, fosforasi haisombwi kirahisi na maji yanayozama ardhini. Sehemu yake huachiliwa polepole, na shamba lililowekewa ya kutosha huendelea kunufaika misimu kadhaa. Mmomonyoko ndio unaoiondoa kweli, kwa kuwa huenda na udongo wenyewe. Ndiyo maana mimi huhimiza makinga maji kabla ya mfuko wa pili wa mbolea.

Kinachoumiza zaidi ni kumwaga mbolea shamba zima, ikagusana na udongo mwingi. Weka mbolea ya kujaza kizibo kimoja cha soda kwenye kila shimo, funika kwa udongo kidogo, ndipo udondoshe mbegu. Mbolea ikiigusa mbegu, itaiunguza. Mahindi machanga yenye majani ya zambarau kingoni mara nyingi yanalilia fosforasi.

Pima pia asidi. Pale asidi inapozidi na alumini ikadumaza mizizi, chokaa husaidia. Fosfeti ya Minjingu kutoka Tanzania (mbolea ya mwamba wenye fosforasi), kwa upande wake, huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye asidi, kwa hiyo usiichanganye na chokaa.