Je, wajua kwa nini pampu ya pumu inaweza kuwa nzima na kifua kisifunguke?

Mtu amebanwa usiku, kabonyeza pampu mara mbili, tatu, na kifua bado kinalia. Asubuhi anarudi duka la dawa, awe Darajani au Wete, akisema dawa ni mbovu. Mara nyingi dawa ni nzima, ila haikufika.

Dawa hutoka kwenye kopo kwa kasi, na koo lina kona. Matone yaendayo mbio hujigonga nyuma ya koo yakabaki hapo hapo. Hata kwa anayevuta vizuri, sehemu kubwa huishia mdomoni na kooni. Na dozi yenyewe ni ndogo: mpulizo mmoja wa salbutamol, dawa ya kufungua kifua, ni mikrogramu 100, ilhali kidonge cha miligramu 4 kina mara 40 ya hiyo. Kidonge huzunguka mwili mzima, ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo ukaenda mbio. Pampu hutumia kidogo kwa kuwa inalenga mapafu. Ikipotea njiani, hakuna akiba.

Kwa hiyo muombe mfamasia akutazame unavyovuta. Akubali au akusahihishe, yote ni faida. Tikisa pampu, toa pumzi, anza kuvuta polepole huku ukibonyeza mara moja, kisha zuia pumzi hadi kumi. Kwa mtoto, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako, pampu ikachomekwa na pembeni pakazibwa, hupunguza ile kasi. Mtoto huvuta kwenye mdomo wa chupa. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa 1999 uliona chupa hiyo inasaidia watoto sawa na kifaa cha kununua.

Lipo jambo jingine, nalo ndilo linalonitia hofu zaidi. Salbutamol hulegeza misuli kwa saa 4 hadi 6 tu. Uvimbe ndani ya njia za hewa haiugusi. Uvimbe hutulizwa na pampu ya kuzuia, kama beclometasone, inayovutwa kila siku hata ukijisikia mzima. Kwa kuwa haileti nafuu ya papo hapo, watu huiacha. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena watu wazima na vijana wategemee salbutamol peke yake. Mfamasia anayekuuzia makopo 3 au zaidi ya salbutamol kwa mwaka anaona hatari ambayo daktari huenda haioni, na ana haki ya kukuuliza.

Muulize na wewe. Mwezi wa Ramadhani, pampu ya kuzuia ya mara mbili kwa siku huweza kupangwa baada ya futari na wakati wa daku, ukasukutua kila baada ya kuvuta ili kuvu isiote mdomoni. Ukibanwa mchana, usingoje magharibi. Mtajie pia dawa zako za presha, maana propranolol hubana kifua cha mwenye pumu, na mwambie kama nyumbani hufukizwa udi au hupikwa kwa makumbi.