Kukata springi hakufanyi gari kuwa sports

Juzi kwenye maonyesho ya magari hapa Nakuru kulikuwa na Toyota GR86, ile gari ndogo ya sports, na kabla sijaifikia nikasikia kijana anaambia mwenzake "hii ni Subaru tu imekatwa springi". Hayo maneno nayasikia kwa gereji kila wiki na yameniudhi vya kutosha, acha leo niandike.

Mimi kazi yangu ni sasipensheni na alaimenti. Kuhusu Subaru hajakosea sana, hiyo gari Toyota walitengeneza pamoja na Subaru, pacha wake ni BRZ na injini ni boksa ya 2.4. Lakini springi hakuna mtu amezikata. Ukiiona live ndio unashangaa vile ni fupi, paa halikufiki begani, na ukipiga magoti uchungulie unakuta iko milimita 130 tu kutoka chini, ikiwa hivyo hivyo vile ilitoka kiwandani.

Kile wameshusha ni uzito, bana, si bodi. Pistoni za boksa zinalala ubavu so injini inakaa chini kabisa, halafu paa, boneti na fenda za mbele ni alumini ndio kilo zipungue kule juu. Gari nzima ni kilo 1,270 hivi. Imechorwa fupi kutoka mwanzo, kwa hivyo shoki bado ina nafasi yake ya kutembea.

Sasa wewe unachukua Impreza, ambayo boksa tayari iko nayo, unatoa springi unapiga grainda koili moja na nusu. Springi iliyobaki inakuwa ngumu kuliko ya kwanza na shoki ilipimwa kwa ile ya zamani, ukipiga tuta kidogo tu inagonga mwisho. Hiyo kila mtu anaijua. Yenye hawataki kusikia ni hii: ule mkono wa chini unaoshika gurudumu ulikuwa karibu ulale sawa, ukishusha gari unaanza kuangalia juu upande wa tairi, na ikifika hapo ile sehemu bodi inazungukia ukikata kona inashuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Maanake uzito unapata nguvu zaidi ya kulaza gari! Gari inaonekana chini na kwenye kona tairi ya nje haikanyagi vizuri tena, halafu mnaniletea ikiwa imekula ndani mnasema alaimenti ni mbaya.

Na nyinyi ndio mnajaa Naivasha kila Safari Rally tangu irudi WRC, yaani mashindano ya rally ya dunia, 2021. Zile gari zimeinuliwa, sasipensheni inatembea ndefu ajabu, na hakuna Subaru ya kukatwa itazifikia.

Kama lazima ushushe, nunua koilova, yaani springi na shoki seti moja yenye unaweza kurekebisha urefu, na ushuke kidogo, sentimita mbili hivi. Hapo pia nikubali, namba za alaimenti za kiwandani siziamini asilimia mia gari ikishashushwa, mashine ya alaimenti inaweza kusema kila kitu ni kijani na tairi iendelee kuliwa, so mimi huweka, nakuambia utembee nayo mwezi mmoja, halafu urudi nishike tairi na mkono nirekebishe tena. Fundi mwenzangu ananiambia hiyo si njia ya kitaalamu na pengine ana haki, lakini bado sijapata njia nyingine inanipa tairi zinazoisha sawasawa.