Kiu iliyowamaliza mabaharia wa Indianapolis

Kila nikiitaja manowari USS Indianapolis, mtu hunirukia na habari za papa. Papa walikuwepo, na waliua. Lakini mimi ni daktari wa figo, na nikisoma masimulizi ya walionusurika nauona ugonjwa ninaoutibu wodini.

Manowari hiyo ya Marekani ilikuwa imetoka kushusha sehemu za bomu la atomiki kisiwani Tinian. Usiku wa kuamkia 30 Julai 1945, ikielekea Leyte huko Ufilipino, nyambizi ya Kijapani iliipiga topedo mbili, yaani makombora yanayopita majini. Ilizama kwa dakika 12. Kati ya watu 1,195, karibu 300 walikwenda nayo chini. Waliobaki waliishia majini, wengi na jaketi okozi tu, wametapakaa mafuta mazito, wanatapika. Huko ilikotarajiwa, hakuna aliyeshtuka kwamba haijafika.

Sasa fikiria jua la siku ya pili. Midomo imepasuka, na maji yametanda mpaka macho yanapokomea. Unaonja kidogo tu. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, na figo zetu haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kiasi hicho. Kuitoa chumvi hiyo kunahitaji maji zaidi ya yale uliyokunywa, na figo huyachota mwilini mwako. Kila funda linakuzidishia kiu. Chumvi ikipanda kwenye damu huvuta maji kutoka kwenye seli za ubongo. Ubongo unasinyaa, mtu anaanza kuweweseka.

Ndivyo ilivyokuwa. Wapo walioona kisiwa wakaanza kukiogelea. Wengine waliamini meli ipo pale chini, ina maji matamu, wakapiga mbizi kuyafuata. Daktari wa meli, Lewis Haynes, alikuwa humo humo majini, hana dawa hata moja, akiwasihi wasinywe. Ili kumjua aliyekwisha kufa, alimgusa jicho kwa kidole. Asipopepesa, alimvua jaketi akamwachia bahari. Kipimo hicho cha jicho nimekifanya mara nyingi, chini ya taa, mikono ikiwa mikavu, na bado huwa kinanitetemesha.

Ndege ya doria iliwaona kwa bahati tarehe 2 Agosti. Walionusurika ni 316. Leo mgonjwa wa namna hii tunamrudishia maji polepole, kwa saa nyingi, kwa sababu ubongo uliosinyaa ukinyweshwa ghafla huvimba.