Je, wajua kwa nini risasi ndogo hupiga kwa nguvu kuliko risasi kubwa? Jibu lilionekana Ras Kasone

Novemba 1914 majeshi mawili yalipambana Tanga, kati ya Ras Kasone na mji, yakiwa na risasi za zama mbili tofauti. Askari wengi wa jeshi la Mjerumani, yaani Waafrika waliovalishwa sare za mkoloni, walibeba bunduki ya Mauser ya muundo wa 1871. Kichwa cha risasi yake kilikuwa na kipenyo cha milimita 11, unene wa kidole cha mwisho, na uzito wa gramu 25. Wanajeshi walioshushwa na meli za Mwingereza, wengi wao wakiwa Wahindi, walikuwa na bunduki ya milimita 7.7.

Ukiziweka risasi hizo mbili mezani, mtu asiyejua ataiogopa ile nene. Hata hivyo, kufikia mwaka huo kila jeshi kubwa la Ulaya lilikuwa limeiacha, na wenye kuendelea kuibeba walikuwa wale ambao mkoloni hakuona haraka ya kuwapa nyingine.

Siri iko kwenye baruti. Baruti ya zamani, ileile ya magobori ya babu zetu, ni mchanganyiko wa shura (aina ya chumvi inayochochea moto), mkaa na salfa, shura ikichukua karibu robo tatu. Ukiiwasha, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki kuwa chembechembe ngumu, nyingine zikigandamana ndani ya mtutu kama masizi ya sufuria, nyingine zikitoka kama wingu jeupe. Chembechembe hizo hazisukumi chochote, kwa hiyo nusu ya baruti ni mzigo tu. Masizi yale nayo hunyonya unyevu, na kwa hewa ya pwani yetu bunduki isiyosafishwa siku hiyohiyo hushika kutu.

Sasa tuseme wewe ni fundi wa zama zile na unataka risasi ipige kwa nguvu zaidi. Baruti yako haikuruhusu kuongeza kasi kwa kiasi kikubwa. Njia iliyobaki ni kuongeza uzito wa risasi. Ndiyo maana za zamani ni nene: ukubwa wake ni dalili ya unyonge wa baruti iliyo nyuma yake.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti ya aina nyingine, iliyotokana na nyuzi za mimea kama pamba zilizopitishwa kwenye asidi ya nitriki. Ikiungua, karibu yote hugeuka gesi. Moshi hupungua mno, na kwa uzito uleule nguvu yake ni kama mara tatu. Tena huungua kwa mpangilio, ikiendelea kuisukuma risasi katika urefu wote wa mtutu badala ya kuipiga kikumbo kimoja mwanzoni. Miaka miwili baadaye, 1886, jeshi la Ufaransa lilikuwa na bunduki mpya ya milimita 8, na mataifa mengine yakaanza kukimbizana nalo.

Hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Nishati ya kitu kinachokwenda hupanda sambamba na uzito wake, lakini kasi ikiongezeka maradufu, nishati huongezeka mara nne. Risasi ya Mauser ya 1871 ilitoka kwa kasi ya mita 430 hivi kwa sekunde. Ile ya Kijerumani iliyoanza kutumika 1905, ya milimita 7.92 na uzito wa gramu 10 tu, ilitoka kwa mita 880 hivi. Piga hesabu: kubwa inabeba kama jouli 2,300 (jouli ni kipimo cha nishati), ndogo kama 3,900. Uzito umepungua kwa zaidi ya nusu, na bado nishati imezidi.

Kasi ina faida nyingine ambayo kwa mlenga shabaha ni kubwa zaidi. Kila risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka mtutuni, kama embe linalodondoka mtini. Iliyo nzito na ya polepole, kabla ya kufika mita 300, imeshaanguka mita 2.4, hata tukiacha kuhesabu upinzani wa hewa. Ile ya haraka imeanguka sentimita 57. Mpigaji akikosea kidogo kukadiria umbali, risasi nene itapita juu au itachimba mchanga, wakati nyembamba bado itafika.

Lakini nikifikiria Tanga, linaloniuma ni moshi. Askari akipiga mara moja, wingu jeupe linapanda juu ya kichaka alichojificha, na adui anajua mahali pa kulenga. Kisha bunduki yenyewe ilikuwa ya risasi mojamoja, hivyo alipaswa kupakia tena akiwa ndani ya wingu lililomfichua. Bunduki za Mauser za muundo wa 1898, zinazotumia baruti mpya, zilikuwepo, ila hazikutosha wote. Aliyezikosa ndiye aliyelipa.

Na bado upande wenye risasi bora ulishindwa. Mwingereza alishusha watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Arthur Aitken. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, aliyewaleta wengi wa wapiganaji wake kwa reli kutoka Moshi, alikuwa na kama 1,000. Mashambulizi makubwa yalikuwa tarehe 4. Katika mashamba na vichaka vizito watu walionana kwa karibu sana, na risasi inayonyooka mita 300 haina kazi pale usipoona hata mita 50. Vikosi vilivyotoka kwenye safari ndefu ya bahari vilipotezana msituni. Halafu nyuki, waliochokozwa na milio, wakawavamia watu wa pande zote mbili. Kiswahili chetu huita mzinga makazi ya nyuki na pia silaha ile kubwa inayonguruma, na siku ile Tanga ilikuwa na mizinga ya maana zote mbili.

Mwingereza aliporudi melini aliacha nyuma bunduki mamia, bombomu 16 (bunduki za rashasha) na risasi zipatazo 600,000. Bunduki hizo za kisasa zilitosha kampuni, yaani vikosi, zaidi ya tatu za askari. Waliozipata walirudisha zile za 1871 na kuanza kupiga bila wingu juu ya vichwa vyao. Wenzao wa kampuni nyingine walibaki na moshi.