Hakimiliki ni tawi tu la miliki bunifu

Wanafunzi wa sheria wakifika mwaka wa kuchagua masomo ya hiari, hapakosi anayetangaza kwamba atabobea kwenye "hakimiliki" ili awe anawasajilia wafanyabiashara nembo zao. Nia njema, ila kazi anayoitaja ni ya alama za biashara.

Miliki bunifu ni sehemu ya sheria inayompa mbunifu uwezo wa kuwazuia wengine wasitumie alichobuni bila idhini yake. Maana ni hiyo. Vitabuni utaikuta imevishwa maneno mengi zaidi.

Tabu ni pale jina la mtoto mmoja linapopewa ukoo mzima. Hakimiliki hulinda maandishi, muziki, picha, filamu, hata programu za kompyuta. Uvumbuzi una hataza (patent), nazo bidhaa sokoni hutambulishwa kwa alama za biashara na huduma. Tanzania Bara kila moja ina sheria yake: hataza ile ya 1987, alama ile ya 1986, hakimiliki na hakishiriki (haki za wasanii wanaotumbuiza, watayarishaji wa rekodi na watangazaji) ile ya 1999. Ofisi nazo ni mbili: COSOTA kwa hakimiliki, BRELA kwa hataza na alama. Nembo, kwa kuwa ni mchoro, inaweza kuwa na hakimiliki pia, lakini anayekwenda BRELA kuisajili anasajili alama.

Ningevumilia kama lingekuwa suala la majina tu. Haki hizi hazizaliwi kwa njia moja. Hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania iliingia mwaka 1994, hauruhusu haki hiyo isubiri fomu wala ada. Ukiisajili kazi COSOTA unajipatia ushahidi wa siku ya kesi, haki ulikuwa nayo tangu awali. Hataza ni kinyume kabisa: hujaiomba, huna. Tena mvumbuzi akikionyesha kifaa chake hadharani kabla ya kuomba, anaweza kukosa hataza kwa sababu uvumbuzi si mpya tena. Sasa wakili aliyezoea hakimiliki amwambie mvumbuzi huyo "usijali, haki yako ipo tu", uone atakavyomfilisi mteja.

Muda nao haulingani. Hakimiliki kwa kawaida hudumu uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Alama husajiliwa kwa miaka 7, kisha huhuishwa kila miaka 10, na mwenye nayo akiwa makini haina mwisho.

Halafu kuna wanaodhani cheti cha jina la biashara ni cheti cha alama, pengine kwa sababu vyote hutolewa na BRELA. Jina husajiliwa chini ya sheria nyingine, na peke yake halikupi haki ya alama. Na alama iliyosajiliwa BRELA haivuki bahari: Zanzibar ina sheria yake na msajili wake, BPRA.

Kuhusu ubobezi wenyewe, shahada ya kwanza haimfanyi mtu bingwa wa miliki bunifu; humo ni somo moja tu kati ya mengi. Ubobezi huja na kazi, au na shahada ya uzamili kama ile ya Africa University, Mutare, Zimbabwe, inayoendeshwa pamoja na ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, na WIPO, shirika la miliki bunifu la Umoja wa Mataifa. Lile sharti la kusoma sayansi kwanza, ambalo huwatisha wengi, ni la nchi kama Marekani, na hata huko humhusu anayetaka kuwawakilisha waombaji wa hataza katika ofisi ya serikali ya hataza. Wa alama na wa hakimiliki hawadaiwi fizikia.

Anayependa muziki na filamu aseme hakimiliki, yuko sahihi. Ambaye hajaamua tawi la kufuata aseme anasomea miliki bunifu. Hakuna atakayemdai zaidi ya hapo.