Nafasi ya muuguzi katika kutuliza maumivu ya mgonjwa aliyelazwa

Watu wengi hudhani kuwa kutuliza maumivu ya mgonjwa aliyelazwa hospitalini ni kazi ya daktari, kwa sababu yeye ndiye anayeandika dawa. Ni kweli kwamba daktari huandika dawa, lakini akishaandika huenda kwa wagonjwa wengine, na anayebaki wodini usiku kucha ni muuguzi, ambaye humgeuza mgonjwa kitandani, humsafisha kidonda na huona uso wake unavyojikunja anapojaribu kuinuka. Kama dawa iliyoandikwa haimfai mgonjwa, muuguzi ndiye wa kwanza kulitambua hilo, na asipolifuatilia huenda lisijulikane hadi asubuhi.

Kazi hii huanza kwa kuuliza, kisha kuliamini jibu. Mwaka 1968 Margo McCaffery, muuguzi wa Marekani, alieleza kuwa maumivu ni yale ambayo mgonjwa mwenyewe anasema anayo, na kwamba yapo kila anaposema yapo. Msimamo huo umebaki kuwa msingi wa taaluma yetu, kwani hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayoweza kuonyesha mtu anaumia kiasi gani. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu huweza kupanda maumivu yanapoanza ghafla, kisha yakarudi katika hali ya kawaida ilhali mgonjwa bado anaumia. Hata aliyesinzia, au anayezungumza na wageni wake kwa uchangamfu, anaweza kuwa na maumivu makali, na ni kosa kumnyima dawa kwa sababu tu hafanani na mtu anayeumia.

Muuguzi huuliza maumivu yako wapi, yalianza lini, yanachoma, yanakata au yanapwita, yanaelekea wapi, na nini kinayazidisha au kuyapunguza. Kisha humwomba mgonjwa ayakadirie kwa namba, 0 ikiwa hana maumivu kabisa na 10 ikiwa ni makali kupita yote anayoweza kuyafikiria. Namba hiyo inapaswa kuulizwa mara mbili: mgonjwa akiwa ametulia na akiwa anajisogeza. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo anaweza kusema 2 akiwa amelala chali bila kujitikisa, lakini akikohoa maumivu yakafika 8, na hiyo 8 ndiyo ya kushughulikiwa. Anayeogopa kukohoa na kuvuta pumzi ndefu hukusanya makohozi kifuani na huweza kupata nimonia, na asiyethubutu kushuka kitandani huwa katika hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kumfundisha kuukandamiza mto juu ya mshono kabla ya kukohoa ni jambo dogo, lakini humsaidia sana, mradi dawa nayo iwe imeshaanza kufanya kazi.

Wapo wasioweza kujieleza, na hao ndio wanaosahauliwa kwa urahisi zaidi. Mtoto wa miaka 3 na kuendelea huweza kuonyeshwa michoro ya nyuso akachagua unaofanana na anavyojisikia. Kwa aliye mdogo zaidi, muuguzi hutazama uso, miguu, namna anavyojinyonganyonga, kilio chake, na kama anabembelezeka. Hadi miaka ya 1980 wapo wataalamu walioamini kuwa mtoto mchanga hahisi maumivu kama mtu mzima, na baadhi ya watoto walipasuliwa kwa dawa kidogo mno ya usingizi. Leo tunajua kuwa wanaumia, na ndiyo maana inafaa mtoto anyonyeshwe wakati anapochomwa sindano au kutolewa damu. Mzee aliyepoteza kumbukumbu naye huonyesha maumivu kwa kuguna, kukataa chakula au kumsukuma anayemgusa, na mara nyingi watu husema tu kuwa ni mkorofi.

Katika utoaji wa dawa, muda una uzito sawa na dozi. Cicely Saunders, aliyeanza kazi kama muuguzi kabla ya kuwa daktari na aliyefungua St Christopher's Hospice, kituo cha kuwatunza wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha, mjini London mwaka 1967, alisisitiza kuwa mgonjwa wa saratani apewe dawa kwa saa maalumu badala ya kusubiri maumivu yarudi. Vivyo hivyo, kama kidonda kitasafishwa, dawa itangulie, ili kazi ianze dawa ikiwa imeshashika.

Kwa maoni yangu, upungufu mkubwa katika wodi nyingi ni kutorudi kuuliza. Dawa hutolewa, faili husainiwa, na mgonjwa haulizwi tena. Aliyedungwa dawa kwenye mshipa anapaswa kuulizwa ndani ya takriban dakika 15 hadi 30, na aliyemeza vidonge baada ya saa moja hivi. Kama amepewa mofini, dawa kali ya maumivu, muuguzi huangalia pia anavyopumua na kama anaamshika kwa urahisi, kwa sababu usingizi mzito usio wa kawaida kwa kawaida hutangulia kupungua kwa pumzi. Mofini pia hufunga choo, hivyo dawa ya kulainisha choo ianze mapema. Hofu ya uraibu wa dawa kama hiyo isiwe sababu ya kumwacha mtu aliyetoka kupasuliwa akiteseka, kwani matumizi ya muda mfupi yanayosimamiwa vizuri ni tofauti kabisa na matumizi mabaya.

Yapo pia maumivu yasiyopaswa kutulizwa tu bila kutafuta chanzo chake. Mguu uliofungwa plasta ukizidi kuuma licha ya dawa, hasa vidole vikinyooshwa, huenda shinikizo limepanda ndani ya misuli na damu haipiti vizuri. Muuguzi humwita daktari papo hapo, wala hasubiri apite kesho.

Ndugu wanaomtembelea mgonjwa wana sehemu yao. Wamweleze muuguzi wanachokiona, hasa kama mgonjwa ni mtu wa kuvumilia kimya, na wasimpe vidonge walivyokuja navyo bila kusema. Kiwango cha juu cha parasetamoli kwa mtu mzima kwa kawaida ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na huwa pungufu kwa mwenye uzito mdogo au ini lenye matatizo. Mgonjwa anayepata dawa hiyo kwa dripu, kisha akapewa nyingine kwa siri na nduguye, anaweza kuvuka kiwango hicho na kuharibu ini bila muuguzi kuwa na habari.