Faharasa ya kompyuta: kwa nini hati ipo lakini ukiitafuta haionekani

Ukiandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, kompyuta haianzi kupekua diski nzima folda baada ya folda. Inafungua orodha iliyokwisha kuiandaa: maneno yaliyomo kwenye faili ilizozisoma, na mahali kila faili ilipo. Orodha hiyo ndiyo faharasa, kama ile ya mwishoni mwa kitabu. Neno lisiloingizwa kwenye faharasa ya kitabu hutalipata hapo, hata kama limetajwa kila ukurasa. Kwa hiyo ukiambiwa hakuna kilichopatikana, usidhani hati imepotea. Ama haimo kwenye faharasa, ama imo lakini umeiulizia kwa jina isilolijua, na kila shida ina dawa yake.

Tuanze na jina. Katika afisi ya wakala wa kutoa mizigo bandari ya Kilindini, karani anatafuta ankara ya kontena. Namba ya kontena huwa na herufi nne na tarakimu saba, ya mwisho ikiwa ya kuhakikia zilizotangulia, tuseme ABCU4829135. Karani anakumbuka 4829 tu. Akiandika hivyo hapati kitu, kwa kuwa Windows hulinganisha neno kuanzia mwanzo wake, na kwake hilo ni neno moja linaloanza na ABCU. Aandike *4829*, nyota mbele na nyuma. Nyota husimama mahali pa herufi zozote. Lakini nyota ya mbele husaidia kwenye jina la faili. Maneno ya ndani ya hati huyafikii kwa njia hiyo.

Sasa chukulia aliyehifadhi faili aliandika ABCU 482913 5, kwa nafasi. Hapo 4829 peke yake itaipata mara moja, ila namba nzima ikiandikwa bila nafasi haitapata chochote. Jaribu sura zote mbili kabla ya kukata tamaa. Afisi yenye watu watatu wanaotumia folda moja ikubaliane namna moja tu ya kuandika namba hizi. Hakuna programu itakayookoa muda zaidi ya makubaliano hayo.

Matokeo yakiwa mengi, yachuje papo hapo kwenye kisanduku. Bonyeza Windows na E, kisha Ctrl na F, uandike ext:pdf ankara upate PDF tu, au size:>5MB kwa faili kubwa. Ukitaka maneno yafuatane vilevile, yatie ndani ya alama za kunukuu. NOT huondoa usichotaka, na lazima iwe kwa herufi kubwa.

Tarehe ndiyo inayowakosesha wengi. Kichujio datemodified:01/03/2024..15/03/2024 hufuata mpangilio wa nchi uliowekwa kwenye mashine. Kompyuta iliyobaki na mpangilio wa Marekani husoma mwezi kwanza, hivyo 03/04 kwake ni tarehe 4 Machi, si 3 Aprili. Tena, faili inaponakiliwa kutoka flashi, tarehe ya kubadilishwa hubaki ile ya zamani, ila tarehe ya kuundwa huwa siku iliponakiliwa. Kama hati ililetwa jana kwa flashi, tafuta kwa datecreated:yesterday. Ukitumia datemodified utaikosa, nayo ipo mbele ya macho yako.

Shida ya pili ni hati isiyomo kabisa kwenye faharasa. Windows ikiachwa ilivyokuja husoma hasa Documents, Pictures, Music na Desktop. Diski D na flashi huachwa nje, na huko hutafuta polepole tena kwa majina tu. Fungua "Indexing Options", bonyeza "Modify", utie tiki kwenye folda unayotaka. Kisha kwenye "Advanced", kichupo cha "File Types", hakikisha aina hiyo ya faili inasomwa hadi yaliyomo ndani, si sifa zake tu. Kama hata faili unazoziona kwa macho hazitokei, huenda faharasa imeharibika; bonyeza "Rebuild" hapo hapo kwenye "Advanced". Kazi hiyo huweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo ianze jioni, mashine ikiwa kwenye umeme.

Kwa kutafuta majina, programu ya bure iitwayo Everything ina kasi kuliko Windows yenyewe. Haifungui faili moja moja. Husoma daftari ambalo diski ya NTFS, mpangilio wa kawaida wa diski za Windows, hujiwekea la faili zake zote, na hukubali kipande chochote cha jina bila nyota. Andika 4829 na matokeo yanatokea kabla hujamaliza. Flashi ya FAT32, mpangilio mwingine wa kuhifadhi faili, haina daftari hilo, kwa hiyo folda zake huongezwa kwa mkono.

Hati zilizoskaniwa zina tatizo lao. PDF iliyotoka kwenye skana mara nyingi ni picha tupu ya karatasi. Ifungue, ujaribu kuteua neno moja kwa mausi. Likikataa kuteuliwa, hakuna maandishi ya kutafutwa mpaka uipitishe kwenye programu ya OCR, inayogeuza picha ya herufi kuwa herufi. Kabla ya hapo tegemea tarehe, ukubwa, na jina ambalo skana huipa, kama Scan0042. Hati zilizopitia WhatsApp ya simu nazo huweza kuja na jina kama DOC-20240312-WA0003. Tarehe imo humo kwa mwaka, mwezi na siku, kwa hiyo tafuta *20240312*.

Iliyobaki ni hati iliyofunguliwa moja kwa moja kutoka barua pepe, ikarekebishwa, ikafungwa. Kwenye Outlook ya zamani ya kompyutani huenda iko kwenye folda iliyofichwa. Bonyeza Windows na R, andika %localappdata%\Microsoft\Windows\INetCache\Content.Outlook, kisha fungua folda ndogo iliyomo. Hati ya Word ambayo haikuhifadhiwa kabisa huenda iko kwenye %localappdata%\Microsoft\Office\UnsavedFiles. Ukiipata usiendelee kuifanyia kazi hapo. Ihifadhi upya kwa "Save As" ndani ya Documents kwanza, kwa kuwa folda hizi ni za muda na kompyuta huzisafisha bila kukuuliza.